Mgomba Uliovaa Sweta ya Tonny

Siku ndugu yangu Tonny alipopotea, alikunywa chai, akaosha kikombe chake mwenyewe, akatuambia anaenda Kitale kutoa kopi za katuni.

Kikombe hicho kilinisumbua baadaye. Tonny hakuwa mtu wa kuosha kikombe.

Kwetu ni Ndalu. Nyumbani tulikuwa wanne: Baba, Mama, Tonny, na mimi Nelima, dada yake mkubwa. Baba alilima mahindi. Mimi nauza mboga sokoni. Tonny alichora. Alichora tangu amalize kidato cha nne, na Baba hakumgombeza hata siku moja. Majirani wakimuuliza kijana wako siku hizi anafanya nini, alijibu bila aibu, "Anachora watu wanaoruka."

Watu wanaoruka walikuwa mashujaa wake. Alikuwapo Mama Umeme, muuza mahindi choma aliyepigwa na radi, radi ikabaki kwenye nywele zake. Alikuwapo msichana kipofu wa Cheptais aliyezuia mlima kuporomoka kwa kuimba tu.

Wote walificha mikono. Mfukoni, mgongoni, ndani ya leso. Tonny alishindwa kuchora vidole tangu akiwa mdogo, na sisi wa nyumbani tulikuwa tunamcheka.

Rafiki yake Abdikarim, wa Kitale, alichora waovu. Mkubwa wao alikuwa Bwana Ukungu, aliyeiba sauti za watu na kuzifungia kwenye mitungi.

Kila mmoja alikuwa na kitabu chake. Vijana wa Kitale na Bungoma walisoma vyote viwili, wengine kwa simu, wengine kwa kopi, na walibishana kwa miaka nani angempiga nani.

Shida ni kwamba wachoraji wetu walipenda kuua. Mama Umeme akafa. Bwana Ukungu akafa. Yule kipofu naye akafa, na wasomaji wakanuna kweli kweli.

Ndipo wakaamua kuviunganisha vitabu. Mashujaa na waovu wote watoke makaburini siku moja, wakutane. Kitabu wakakiita Wote Wamerudi.

Siku ile Tonny alikuwa anapeleka sehemu ya kwanza.

Jioni simu yake ilikuwa imezimwa. Abdikarim alituambia hajamwona kabisa.

Tulimtafuta jinsi watu wanavyotafuta. Polisi, hospitali, halafu pale ambapo hakuna anayetaka kutaja. Mama alijifunza kuingia mochari bila kuziba pua. Baba ndiye alikuwa anafunua shuka. Mama alikuwa anashika mkanda wake kwa nyuma, kama mtoto.

Abdikarim aliandika mtandaoni kwamba mchoraji wa Mama Umeme ametoweka. Watu wakaifuata habari hiyo kuliko walivyowahi kuifuata katuni. Wengine walisema Bwana Ukungu amemchukua. Waliweka na alama za kucheka. Mimi nilikuwa nasoma kila neno, usiniulize kwa nini.

Siku moja Baba akapigiwa simu kutoka Kachibora. Kijana ametolewa mtoni, hajulikani ni wa nani.

Mama hakuwa na nguvu tena. Baba akaenda peke yake kwa bodaboda.

Alasiri akatupigia. Alikuwa anacheka. Miezi mingi sikuwa nimesikia Baba akicheka.

"Mama Nelima, si yeye. Huyu ni mfupi, na jino la mbele hana. Si yeye. Weka chai, nakuja."

Mama akaweka chai.

Mvua ikaanza. Lori la mahindi likakosa breki kwenye mteremko. Yule wa bodaboda alivunjika mguu. Baba hakufika hata hospitalini.

Chai ile ilinywewa na watu waliokuja kutupa pole.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo wengine huenda hamlijui. Mtu akipotea na mwili wake ukakosekana, unakatwa mgomba, unalazwa kwenye jeneza, unazikwa kwa jina lake. Ukishazikwa, basi. Hata kama mwenyewe yuko hai mahali fulani, kwa boma lile amekufa.

Baba mdogo, Wanjala, alisema marehemu alimwambia zaidi ya mara moja kwamba hawezi kulala chini huku mtoto wake hana pa kulala. Kwa hiyo wawili wazikwe pamoja.

Mama alikataa. Halafu akachoka kukataa.

Mgomba alikwenda kuuchagua mwenyewe. Aliupima kwa macho, akatafuta wenye urefu wa Tonny. Akauosha. Akauvalisha sweta ya Tonny ya shule, ile ya kijani yenye tundu kwenye kiwiko, tundu la siku aliyoegemea jiko. Akaingiza penseli ndani ya mkono wa sweta.

Kuna shangazi alitaka lile tundu lishonwe kwanza. Mama akasema, "Wacha. Asipoliona hatajua ni yake."

Kevin, binamu yetu, alikuwa anarusha mazishi kwenye Facebook kwa ajili ya jamaa walio mbali. Alisogea na simu mpaka juu ya jeneza.

Tuliwazika bega kwa bega, Baba na mgomba. Kusema ukweli, watu walilia mgomba zaidi.

Mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu wakati Lorna, tunayeuza naye meza moja sokoni, aliponisogezea simu yake.

"Neli, hebu ona hii. Si hii ni ile katuni ya Tonny?"

Ilikuwa sehemu mpya ya Wote Wamerudi. Nilidhani Abdikarim ameimalizia peke yake, na moyoni nilimshukuru.

Mama Umeme anatoka kaburini, nywele zinawaka. Bwana Ukungu anatoka, mitungi inapasuka. Wanakwenda kwenye kaburi la tatu, wanalifukua. Ndani kuna mgomba.

Mgomba umevaa sweta. Sweta ina tundu kwenye kiwiko.

Kaburi la jirani linafunguka. Anatoka mzee mwenye masikio makubwa na gambuti, vile viatu vya mpira vya shambani, anacheka. Chini yake imeandikwa: AMERUDI.

Alikuwa Baba.

Mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo.

Nilimrudishia Lorna simu. Nikafunika mboga. Nikaenda Kitale.

Abdikarim nilimkuta kwenye duka la shangazi yake akikata karatasi. Aliponiona alijifanya amefurahi. Nilimwuliza nani amechora, akasema ni yeye. Nikamwuliza ile sweta ameijulia wapi, maana kwenye mazishi hakuja. Akasema aliona video. Nikachukua penseli pale mezani nikampa.

"Nichoree mkono wako huo wa kushoto."

Akauchora vizuri sana. Vidole vitano, kucha, hata kovu.

Yeye mwenyewe aliangalia ule mkono, akaangalia katuni, akaanza kulia.

"Dada Nelima, aliniambia ni wiki mbili tu. Walahi, wiki mbili."

Tonny alikuwa Bungoma, kwenye chumba cha nyuma cha duka la mjomba wa Abdikarim, karibu na msikiti. Siku aliyoosha kikombe alikwenda huko moja kwa moja.

Nilipofika mlango ulikuwa wazi. Alikuwa anakula.

Alikuwa amenenepa. Hilo ndilo lililoniuma kwanza, hata kabla ya mengine yote. Mama alikuwa anafunga sketi kwa kamba.

"Sasa, siste," akasema. "Nilijua wewe ndiye utanitoa."

Alinieleza kama mtu anayeeleza kitu kizuri. Mchoraji apotee, asemwe amekufa, halafu afufuke pamoja na watu wake kwenye sehemu ya mwisho. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo huku kwetu. Alitaka iwe wiki mbili, lakini si unaona vile watu walishika? Kila alipotaka kurudi, wasomaji walikuwa wameongezeka. Akaona bado kidogo. Bado kidogo.

Nikamwuliza kuhusu Baba.

Hapo alishusha sauti. Akasema aliona mazishi kwenye simu, alilia mpaka wenye duka wakagonga ukuta. Lakini angetokeaje? Watu wako kaburini kwake wanamlilia, halafu yeye aingie na miguu yake?

"Ndiyo maana nikamrudisha," akasema, akanionyesha ule ukurasa. "Ona. Nimemfufua Mzee."

Sikumpiga. Nilimwambia avae viatu.

Mtu aliyezikiwa mgomba haingii tu nyumbani. Anasimama nje ya boma, kondoo anachinjwa langoni, wazee wanamtakasa, na mwenye mji, mkuu wa boma, anamwita kwa jina. Kwetu mwenye mji alikuwa Mama sasa. Baba mdogo Wanjala alileta kondoo wake mwenyewe. Alikuwa na furaha jamani, anatembea kama amepewa mtoto. Habari zilikuwa zimeenea na kijiji kizima kilikuwa barabarani, simu juu. Hata wasomaji walikuja, wengine na vile vitabu.

Mmoja alipiga kelele, "Wote wamerudi!" Watu wakapiga makofi.

Mama akatoka ndani.

Alitembea polepole hadi langoni. Alimwangalia Tonny kuanzia viatu kwenda juu, jinsi alivyokuwa anaangalia kule mochari. Nadhani alitaka kumgusa. Mkono wake ulitoka kwenye leso, niliuona.

Tonny akapiga magoti upande wa nje. Akampa ule ukurasa kwa mikono miwili.

"Mama, ona. Nilimchora Baba. Amerudi."

Mama akautazama. "Masikio umeyapata vizuri," akasema.

Halafu akamwuliza swali moja. Mimi sikuwa nimeliwaza, na mpaka leo sijui yeye alilitoa wapi.

"Siku Baba yako ameenda Kachibora, ulikuwa unajua?"

Tonny akaniangalia. Nikaangalia chini.

"Tonny. Ulijua?"

"Nilijua, Mama." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Abdi alinipigia asubuhi. Aliniambia Mzee amempigia, anaenda kuangalia maiti, nimwambie niko hai. Nikasema wacha aende. Ataona si mimi, atarudi."

Simu zilianza kushuka, moja moja.

Mama akaukunja ule ukurasa mara mbili, akamrudishia.

"Wanjala, rudisha kondoo."

Baba mdogo akadhani hakusikia vizuri. Akamwambia, shemeji, huyu ni damu yako, ametubu, na bila kondoo hawezi kuvuka hapa mpaka siku atakayokufa. Akamwomba afikirie. Akamwomba kwa jina la marehemu.

"Kwa jina la nani?" Mama akauliza.

Baba mdogo akaivuta kamba ya kondoo.

"Mtoto yangu nilimwosha na mikono yangu, nikamvalisha sweta, nikamzika. Analala pale na baba yake. Huyu simjui."

Akarudi ndani kuendelea kuchambua maharagwe. Tonny alibaki kwenye magoti mpaka Kevin akamwinua.

Wengi wameniandikia mtandaoni kwamba Mama ana roho ngumu. Sibishani nao. Nasema tu kile nilichojifunza, na kimenigharimu: usife kwa mchezo. Machozi ya watu wako si mali yako ya kuchezea. Wakikulilia mpaka yakaisha, siku ukirudi watakupokea na macho makavu.

Ile sehemu ya mwisho ya Wote Wamerudi haikuchorwa. Abdikarim alijaribu, akasema akifika kwa yule mzee mwenye gambuti mkono wake unakataa.

Tonny yuko Bungoma. Kila Desemba tunafanya makumbusho, ibada ya kumbukumbu, ya Baba na ya mgomba, na yeye huja. Anasimama nje ya ua, upande wa barabara. Maombi yanasomwa, jina lake linatajwa kati ya marehemu, na yeye anaitikia amina pamoja na wengine.

Chakula kikiiva, Mama anapakua sahani moja ya mwisho, anaweka nyama nzuri, ananipa bila kuniangalia.

"Mpelekee yule mgeni."

Nampelekea. Anakula akiwa amesimama. Kisha anaosha ile sahani kwenye mfereji wa bomba barabarani, ananirudishia juu ya ua.