Nilivyompeleka Baba Kula kwa Deo

Wengi mmeniuliza kwa nini mimi na baba hatukuonekana kanisani Jumapili. Tulikuwa Ifakara, kwenye tamasha la chakula na divai, na nawaandikia ili myapate kwangu kabla hayajaongezwa chumvi. Mdogo wangu Deo, kitinda mimba wetu, ambaye siku hizi mnamwona kwenye televisheni akiitwa Shefu Deo, alikuwa mmoja wa wapishi maarufu walioalikwa kupika, akatutumia kadi mbili. Mimi niliondoka Mngeta na kazi moja tu: baba ale chakula kilichopikwa na Deo. Tangu kijana aache ufundi wa mitambo kule Kidatu na kuingia jikoni hotelini, mzee hajaonja alichopika. Pasaka Deo alitupikia pilau nyumbani, akatuhudumia wote vizuri kabisa, baba akasema ameshiba, akaenda kukaa nje. Sababu niliijua: mzee anaona aibu mwanawe wa kiume kushika mwiko. Nikaamua aibu hiyo iishe. Na mimi nikiamua jambo mnanijua.

Jumamosi asubuhi na mapema tulisimama barabarani kusubiri basi la kutoka Mlimba. Baba alivaa lile koti lake la misa, limepigwa pasi mpaka linang'aa mabegani. Mpunga ulikuwa umeiva pande zote, na njia nzima mzee alikaa dirishani akikagua mashamba ya watu.

"Huyu kachelewa kuvuna," alisema tulipokaribia Mbingu. "Anawalimia ndege."

Tulipofika Idete nikaona ni wakati wa kumpa somo. Nikamwambia, "Baba, leo ukiletewa sahani, ule."

"Kwani nimefuata nini, Felista? Nimekuja kula."

Nikajiegemeza kwenye kiti kwa raha zangu. Nilijua nimeshashinda.

Kufikia saa tano tulikuwa tumeshuka Kibaoni, tumeacha mabegi kwa shangazi na kuingia uwanjani. Mahema meupe, meza zimevikwa vitambaa, watu wa Dar es Salaam na Arusha wanapiga picha sahani kabla ya kuzigusa. Msichana mmoja akamsogezea baba glasi ya divai ya Dodoma. Mzee akanywa kidogo, akafikiri, akanywa tena.

"Kumbe hii ndiyo anayokunywa padre peke yake," akasema. Msichana alicheka mpaka akaweka sinia chini.

Saa saba walimtangaza Deo. Alipanda jukwaani na koti jeupe la upishi, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga kigelegele bila kumwomba mtu ruhusa. Alieleza jinsi anavyompika kitoga, samaki wa mto wetu, akaonja mchuzi kwa ncha ya kijiko, akatikisa kichwa kuridhika. Halafu akatuletea sahani mwenyewe. Zilikuwa kubwa kama nyungo, na katikati kipande cha samaki na kitonge cha wali unaoweza kuumaliza kwa vijiko vitatu. Lakini harufu yake, jamani!

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibuni chakula." Deo akasimama pembeni ya meza, mikono nyuma, akisubiri.

Baba aliitazama sahani, akamtazama na yeye. "Wewe umekula?"

"Nitakula baadaye, baba. Niko kazini."

Mzee akaisogeza sahani taratibu. "Basi na mimi baadaye."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza, haikusaidia kitu. Deo akaitwa jukwaani, akaenda. Mimi nikala sahani zote mbili ili watu wasione, kisha nikamfuata mdogo wangu nyuma ya jukwaa kumfariji. Nikamwambia asijali, wazee ndivyo walivyo, mwanaume kupika hawajakuzoea.

"Safari hii nilidhani atakula, dada," akasema. Sauti yake iliniuma sana.

Kwenye saa kumi nilikwenda kumsalimia rafiki yangu. Niliporudi, kiti cha baba kilikuwa kitupu. Nilizunguka mahema yote, nikauliza wahudumu. Mwishowe nikapita nyuma kabisa, kwenye mitungi ya gesi na ndoo za vyombo. Wapishi walikuwa wameketi juu ya kreti za soda wakizunguka sinia moja la ugali na bakuli la mchuzi wa vichwa vya samaki. Baba alikuwa katikati yao, mikono ya koti imekunjwa, anachambua kichwa cha kitoga. Deo alikuwa ubavuni kwake, mdomo umejaa.

"Nani kapika?" nikauliza.

"Huyu," baba akajibu, akimwonyesha kwa kiwiko.

"Si ulisema huli chakula cha mwanaume?"

"Nilisema lini?" Aliinua uso. "Mimi siwezi kula mwanangu akiwa amesimama ananitazama kama mtumishi. Kule mbele watu wanaonja. Huku ndiko wanakokula."

Deo aliacha kutafuna. Akanigeukia mimi niliyemweleza miaka yote hiyo habari za aibu ya baba, akaanza kucheka, na huku anacheka machozi yanamtoka. Nikanawa, nikavuta kreti.

Jumapili asubuhi Deo alitusindikiza kupanda basi. Nilichojifunza ni hiki: nilijiona namfahamu baba vizuri mno, hata sikuwahi kumuuliza. Mlangoni mwa basi mzee alimshika Deo mkono kwa muda mrefu.

"Krismasi njoo nyumbani upike," alimwambia. "Ukishapika, unakaa na mimi. Sahani atabeba dada yako."

Basi mjue. Krismasi mkipita kwetu mkaona mtu anahangaika na sinia mlangoni, ndiye mimi.