Wadudu Wasiotaka Hewa

Mke wangu alianza kutema damu kila akipiga mswaki, mwaka ule tuliohamia Mbeya kutoka Iringa. Akaacha mswaki. Aliona kijiti cha mswaki ndicho kinachomjeruhi, nami niliona vivyo hivyo. Fizi zikavimba zikawa rangi ya zambarau, meno ya mbele yakaanza kucheza. Asubuhi aliamka na usaha mdomoni. Maumivu aliyavumilia. Kilichomtisha ni kwamba mama yake alikuwa kibogoyo kabla hata ya kupata mjukuu.

"Nitakuwa kama mama," aliniambia, mdomo kauziba kwa kanga.

Tukaenda hospitali. Dresa, mhudumu wa tiba pale, akamwangalia. "Mama, chini ya fizi mna wadudu wadogo, hawaonekani kwa macho. Hawataki hewa. Palipozibika ndipo wanapozaliana, wanakula mpaka kwenye mfupa." Akampa dawa ya kusukutua, akamwambia arudi akwanguliwe ukoga, ule uchafu ulioganda kwenye meno.

Yeye alishika neno moja tu: hewa. Ilikuwa miezi ya baridi kali. Kila siku alikaa kibarazani, mdomo wazi, kauelekeza kwenye upepo. Dada yangu, aliyekuwa akiishi nasi, alimkuta hapo.

"Wifi, unawaita nzi?"

"Naua wadudu."

"Kwa kupiga miayo?"

"Cheka tu. Meno yako yakianza kucheza utanitafuta."

"Utaniazima yako. Wewe siku hizi huyatumii hata kuchekea."

Mke wangu akacheka, akasahau kuuziba mdomo.

Tuliporudi hospitali, dresa hakumcheka. Alisema upepo haufiki waliko, ukoga umewafunika kama paa. Akaukwangua, damu ikajaa bakuli. Meno mawili yaling'olewa, hayakuwa na pa kujishikiza tena. Akaagizwa apige mswaki hapo hapo panapotoka damu. Ilikuwa vigumu kuamini. Alipiga huku machozi yanamtoka, asubuhi baada ya asubuhi, mimi nimemshikia kikombe cha maji ya chumvi. Polepole damu ikapungua.

Alifariki miaka michache baadaye, kwa homa. Sisemi fizi zilihusika; sijui. Siku ile nilikuwa nimechoka, hata kulia sikuweza. Dada yangu alitoka kumwosha, mikono bado mibichi, akaketi kwenye mkeka karibu nami.

"Meno yake aliyobaki nayo, yote yapo," akasema.

Nikamwambia ahsante.