Debe Lisilo na Kitako

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimelisema hilo baa, nimelisema sokoni, na nilikuwa na haki ya kulisema. Nilitoka Kansay na darasa la nne na shati moja. Nimebeba magunia ya watu kule Mang'ola mpaka bega la kulia likashuka kuliko la kushoto, na hadi leo fundi cherehani akinipima koti huuliza nilianguka wapi. Sikuanguka. Nilikuwa napanda. Leo nina Fuso mbili, nina stoo ya vitunguu Karatu mjini, na nyumba ambayo watalii wakienda kreta kutazama wanyama huipiga picha wakidhani ni hoteli. Nimeona mafuriko yakizoa vitunguu vyangu vya msimu mzima kuvipeleka ziwani, na jioni ile ile nilikula ugali wangu wote. Kwa hiyo nilijua habari zote za dunia zimeshanifikia.

Kumbe kulikuwa na mke wangu.

Siku ile alikuwa anarudi kutoka shambani Baray kwa bodaboda. Gari lilikuwepo. Nilikuwa nalo mimi, nimeliegesha mbele ya mgahawa, nakunywa supu na wanunuzi. Helmeti pia ilikuwepo, imening'inia kwenye mkono wa dereva. Wakakutana na ng'ombe kwenye kona. Dereva alichubuka magoti. Mke wangu alitangulia kufika chini kwa kichwa.

Alipasuliwa fuvu katika hospitali kubwa, mbali na kwetu, na siku kumi na tisa hakufumbua macho. Nilimfuata daktari koridoni nikamwambia, "Daktari, wewe andika bei. Bei yoyote."

Akanitazama kama mtu anayetazama saa. "Mzee, hapa hakuna bei. Ubongo umevimba. Tunasubiri."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia nisubiri kwa miaka ishirini.

Alipoamka alizungumza Kiiraqw kitupu, kile cha utotoni, na akamwulizia mama yake, ambaye tulishamzika zamani. Kiswahili kilikuwa kimetoka kichwani kama maji. Mkono wa kulia ulikuwa umekunja vidole kama mguu wa kuku aliyechinjwa. Alinitazama kwa muda, halafu akamwuliza binti yetu kwa Kiiraqw, "Huyu mnene ni nani?"

Binti akacheka, akalia. Mimi nikatoka nje kutafuta mtu wa kumgombeza.

Binti yetu aliacha kazi ya mapokezi kwenye kambi moja ya watalii juu ya kreta akarudi nyumbani kumwangalia mama yake. Kila wiki alikuja mama mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwembamba, mkali, haogopi mtu. Ndiye aliyesema mgonjwa apewe kazi ambayo mikono yake ilikuwa inaijua. "Kichwa kimesahau," alisema, "lakini mikono huwa inakumbuka kabla yake."

Mikono ya mke wangu ilijua vitunguu. Tulimweka stoo kwenye kigoda, mbele yake makarai matatu: vikubwa, vidogo, vibovu. Siku ya kwanza alichambua vitatu akasinzia. Mwezi uliofuata, nusu ndoo. Na maneno yakaanza kurudi pamoja na vitunguu: kubwa, dogo, bovu. Halafu lete. Halafu acha ujinga, hiki si kikubwa. Wapakiaji walifurahi, wakawa wanamtania, "Mama, na mimi niweke karai gani?" Naye anamtazama mtu juu mpaka chini, anajibu, "La tatu." Stoo nzima inavunjika mbavu.

Mama wa mazoezi alinivuta pembeni. "Mzee, sikiliza. Sehemu inayoshika breki ya ulimi imeumia. Atasema anachokiona, kama alivyokiona. Msimgombeze, si utovu wa adabu, ni kidonda. Na mikusanyiko bado, kelele bado."

Nilisikia neno moja tu: anasema. Basi amepona. Nikaamua kufanya shukrani.

Kwetu mtu akitoka kwenye kifo watu wanakula, hilo halina mjadala. Lakini mimi sikutaka watu wale tu, nilitaka waone. Nilifunga mahema mawili, nikakodi muziki na mshereheshaji kutoka Arusha, nikaagiza ndafu, mbuzi mzima wa kubanikwa. Mchungaji alikuja, majirani walikuja, na meza ya mbele niliwaweka wanunuzi wangu wote, pamoja na yule anayepeleka vyakula kwenye kambi za kule kreta, mteja wangu mkubwa. Mama wa mazoezi sikumwalika.

Mke wangu alitoka mlangoni na fimbo yake, akatembea mwenyewe mpaka meza kuu. Vigelegele vilipanda. Nililia, sikatai. Nikachukua kipaza sauti nikasema, "Walisema hatatembea! Pesa imetembea, na yeye ametembea!" Watu wakapiga makofi. Binti akaninong'oneza, "Baba, usimpe hicho." Nikampa mama yake.

Alikishika kwa mkono wa kushoto. Akawatazama watu mmoja mmoja, taratibu, kama anavyotazama vitunguu.

"Asanteni kwa kuja," alisema. "Kuleni." Watu wakaitikia. "Nyie mnaonunua kwa huyu, msinunue. Ana debe limetolewa kitako. Analisimamisha katikati ya gunia. Ndani ya debe anajaza vibovu, pembeni anapanga vile vizuri. Halafu anavuta debe. Kwenye neti ya gunia mnaona vile vizuri tu. Kila wiki. Mimi ndiye nilikuwa nashika gunia."

Halafu akarudisha kipaza sauti kwa adabu, akaomba soda.

Mshereheshaji aliwasha muziki, lakini alichelewa. Yule mnunuzi wa kreta alikuwa ameshaweka mfupa wake chini. "Tajiri," aliniambia, wala hakupaza sauti, "ile mizigo iliyooza, mbona uliniambia ni joto la njiani?"

"Barabara ya kreta ina joto?" mwingine akauliza. "Kule si tunavaa makoti mwezi wa saba?"

Watu walicheka. Katika nyumba yangu, wakila mbuzi wangu, walicheka.

Niwaambie ukweli ambao hamkuuliza: debe lile sikulibuni mimi. Nililikuta Mang'ola nikiwa mbebaji, na waliokuwa meza ile ile, nusu yao wanalo nao wanapouza. Lakini la kwao halikutangazwa kwa spika.

Dada yangu mkubwa alibaki baada ya wageni kuondoka. "Mdogo wangu," alisema, "mtu wa hivi hawekwi mbele za watu. Mweke ndani mpaka akili imrudie." Nilimsikiliza kwa sababu alisema nilichokitaka. Nikamhamishia mke wangu chumba cha nyuma. Niliuambia mji mzima anapumzika.

Alipumzika wiki sita. Mwanzoni aliuliza kila asubuhi, "Vitunguu viko wapi?" Halafu aliuliza kwa Kiiraqw. Halafu akaacha kuuliza. Mimi nilijiona mjanja, nikampelekea vitunguu ndoo nzima chumbani. Akavitazama pale juu ya zulia, kando ya kitanda, kama mtu aliyeletewa mawe. Pale havikuwa kazi. Hakukuwa na karai, hakukuwa na mizani, hakukuwa na wapakiaji wa kutukana. Alishika kimoja akakilaza kwenye mto. Nikamwacha.

Vidole vikaanza kujikunja tena. Siku moja binti aliniita nije nione. Mama yake alikuwa na bakuli la uji mapajani na kijiko kiko sakafuni, hajaomba kiokotwe, hajamtazama mtu. Uji ulikuwa umeshika ngozi juu.

Mama wa mazoezi alikuja siku hiyo. Wiki zote hizo nilikuwa namwambia kwa simu kwamba tumesafiri. Akaukamata ule mkono, akafungua kidole kimoja kimoja, kama mtu anayefungua fundo la mtu mwingine, na mke wangu akapiga ukelele.

"Nani amesimamisha kazi?" aliuliza bila kugeuka.

"Anapumzika," nikasema.

"Mzee, kichwa cha namna hii hakipumzishwi hivi. Mlichokipata kwa miezi saba mnakirudisha. Mkiendelea, mkono huu haufunguki tena, na maneno nayo mtayasahau."

"Mwambie, baba," binti alisema. "Hapumziki. Umemficha."

"Nalinda biashara inayomlisha."

"Inamlisha nini? Kijiko hawezi kushika!"

Sikumpiga. Zamani ningempiga. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikapiga hesabu, maana hesabu ya kichwa hakuna profesa wa kunishinda. Akiwa stoo anapona. Akiwa stoo, wanunuzi wanamkuta. Wakimkuta atawaambia kilichomo ndani ya gunia, leo, kesho na siku zote, mpaka Mungu amchukue. Nilitafuta njia ya katikati na haikuwepo. Ilibidi ndani ya gunia pawe na kitu ambacho hata yeye akikisema hakinidhuru.

Debe nikaliweka kando, tukawapigia simu wanunuzi tuwarudishie pesa za vibovu. Mimi nilitaja magunia, binti aliandika. Kila mmoja tulibishana naye mpaka tukaafikiana. Mmoja alikataa pesa akachagua kunitukana, akanitukana robo saa nikimsikiliza. Yule wa kreta alikuja mwenyewe, akahesabu noti zake mara mbili mbele ya wapakiaji, akamwambia mke wangu, "Mama, ugua pole," akaondoka. Hajarudi. Kanisani wanasema nimetubu. Sijatubu. Nimeshindwa, na mtu aliyewahi kushindwa anajua si kitu kimoja.

Mke wangu amerudi kwenye kigoda chake. Vidole vinafunguka nusu, na mama wa mazoezi anasema huenda ndiyo mwisho wake. Anahesabu mpaka kumi na nne, halafu njia inapotea. Mimi bado ananiita huyu. Juzi nilimwokotea kitunguu kilichomdondoka, nikakiweka karai la vikubwa. Akakitoa, akakigeuza kwenye mwanga, akakitupa karai la tatu. Alikuwa sahihi, kilikuwa kimeanza kuoza shingoni.

Watu wanapenda kuniuliza ajali ile ilinila kiasi gani. Hospitali siihesabu, kila mwenye mgonjwa hulipa. Sherehe nayo siihesabu, ile nilijilisha mwenyewe. Mimi nahesabu nilichotoa ili mke wangu akae mahali pake na kusema anachokiona: shilingi milioni nne, laki mbili na elfu themanini na tano.