Doa Lililokataa Sabuni

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Doa alifungua pini kwenye pindo la shati lake, akatoa sarafu, akaisogeza mlangoni penye mwanga na kuigeuza pande zote mbili. Hakutafuta kitu kipya. Alitaka tu kuhakikisha haijabadilika. Sarafu za aina ile ni nyeupe. Yake ilikuwa na rangi ya ini, mbele na nyuma. Akishaona bado ni ini, alishusha pumzi, akaifunga tena, ndipo akatafuta maji.

Jina la Doa alipewa kazini, kwa dobi, wanakofua mashuka ya hoteli na nguo za watu. Mletee shati lolote chafu, atalinusa, atalikwaruza kwa ukucha, atakwambia: hii chai, hii kutu, hii damu, usitie maji ya moto. Na alikuwa na kanuni moja aliyomfundisha kila mgeni wa kazi. "Doa likikataa sabuni, ukalichemsha likakataa, ukalitia siki likakataa, hilo si doa. Ni rangi ya kitambaa chenyewe. Liache." Kanuni hiyo haikuwahi kumtia aibu.

Ndiyo hiyo iliyomponza.

Muuza vyuma chakavu wa nyuma ya soko alimwonyesha sarafu ile, akamwambia ni kosa la kiwandani. Mashine iligonga chapa kwenye madini yasiyo yake, na wakusanyaji wa sarafu hugombania kosa kama hilo kama kuku na punje. Akataka wabadilishane kwa cherehani iliyokuwa nyumbani kwa Doa. Doa hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Aliiomba kwanza akaijaribu. Akaichemsha kwa sabuni ya unga, akailoweka kwenye siki na chumvi, akaisugua kwa brashi ya kola. Rangi haikutikisika. Moyo wake ukaruka.

Dada yake alikuwa amempeleka mtoto hospitali. Cherehani ilikuwa mezani, kitambaa cha sare kimebanwa chini ya sindano. Doa alikichomoa taratibu, akakikunja vizuri, akaiweka cherehani begani na kuondoka nayo.

Ilikuwa ya marehemu mama yao. Dada alipofiwa na mume alirudi nayo kwenye chumba cha Doa, yeye na binti yake, na tangu hapo ndiyo iliyokuwa jembe lake. Aliporudi kutoka hospitali akaikuta meza tupu, hakupiga kelele. Alikaa sakafuni na mtoto mgongoni.

"Dada, nitakuletea mbili," Doa akamwambia, huku anamwonyesha sarafu. "Mpya, za umeme."

"Kairudishe ile moja kwanza."

Akakimbia. Lakini cherehani ilikuwa imeshapanda lori la mtu mwingine, na muuza vyuma alicheka mpaka akashika kiuno. "Ndugu yangu, biashara si ndoa. Haina talaka."

Hapo ndipo dunia yote ya Doa ilipobaki ndani ya pindo la shati. Mtu pekee wa kusema ukweli wa sarafu ile alikuwa fundi saa wa mtaa wa pili, anayewanunulia wakusanyaji, naye alikuwa safarini. Ikawa kusubiri. Wazazi wa wanafunzi walikuja kugonga mlango wakiulizia sare, dada akawaambia kesho, na kesho akawaambia kesho. Doa hakulaumiwa kwa neno. Afadhali angetukanwa. Chakula alitengewa kama kawaida, kimefunikwa vizuri.

Kazini mpiga pasi hakumwacha. "Tajiri wetu! Ukinunua hoteli, mimi unipe umeneja."

"Nitakupa ufue soksi zangu."

"Lete tu. Soksi za tajiri hazinuki, zinanukia!"

Doa alicheka kwa meno tu.

Siku fundi saa aliporudi, Doa aliacha mashuka kwenye maji akaenda na aproni yake. Fundi alikuwa mtu mnene, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, na kauli yake ilikuwa moja kwa kila sarafu ya ajabu aliyoletewa: "Kilema cha tumboni au kovu la njiani?" Kilema cha tumboni ni kile sarafu ilichozaliwa nacho kiwandani. Kovu ni lile ililolipata huku kwetu, kwenye tope, kwenye moto, kwenye jasho la watu.

"Cha tumboni," Doa akasema. "Nimeijaribu mwenyewe."

Fundi akaiweka kwenye mizani, na sarafu nyeupe ya aina hiyo upande wa pili. "Ingekuwa ni madini mengine, mizani ingesema. Hizi ni ndugu tumbo moja. Yako imekonda kidogo tu."

"Kukonda si kosa?"

"Kukonda ni kuliwa, bwana." Akavua kioo, akampa. "Tazama shingo ya huyo mnyama aliyechapwa hapo. Umeona mkwaruzo?"

Doa akatazama. Macho yake yalizoea uzi na kola, akauona upesi: mstari mwembamba, umekata shingo.

"Ndani ya mkwaruzo kuna rangi gani?"

"Ya ini."

"Sawasawa na nje?"

"Sawasawa."

"Haya. Mkwaruzo iliupata wapi? Mfukoni, na funguo za watu. Rangi imeingia mpaka chini ya mkwaruzo. Sasa niambie wewe, kipi kilikuja kwanza?"

Doa alihamisha kioo kwenye herufi. Aliziona zimevimba miguu, na kati yake vishimo vidogo vidogo, kama ngozi ya aliyeugua ndui.

"Ililala kwenye udongo mbaya," fundi akasema. "Au jirani na betri iliyovuja."

"Lakini nimeichemsha!" Sauti yake ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nimeitia siki, nimeitia chumvi. Rangi haikutoka!"

"Kwani hilo ni shati?" Fundi hakuwa anamdhihaki, alishangaa kweli. "Chuma hakishiki doa, kaka. Chuma huliwa. Kilicholiwa hakifuliki. Na hata ingekuwa ya tumboni, kwa siki yako hiyo ungekuwa umeiua tayari."

"Itazame tena."

Fundi akaitazama tena, kwa huruma. Kisha akaitazama mara nyingine bila kuombwa. Akairudisha kiganjani mwa Doa na kumkunja vidole juu yake. "Inunulie chai," akasema. "Dukani wataipokea."

Nyumbani mtoto alikuwa kizingitini. "Mjomba, cherehani inakuja leo?" Doa alimpapasa kichwa akapita.

Dada alikuwa ameketi mezani pale pale pa cherehani, anashona sare kwa mkono. Mishono ilikuwa midogo, ya kupendeza, lakini kwa mwendo ule shule zingefunguliwa na kufungwa kabla hajamaliza. Kidole chake alikuwa amekifunga kitambaa.

"Fundi amerudi?" akauliza bila kuinua uso.

"Amerudi."

"Sema, mdogo wangu."

"Ni kovu, dada. Ililiwa na udongo."

Sindano ikasimama. Kisha ikaingia tena kwenye kitambaa, ikatokea upande wa pili. Doa alisubiri. Alitaka arushiwe mkasi, afukuzwe, aitwe mwizi wa cherehani ya mama.

"Uzi wa bluu unaniishia," dada akasema. "Kaniletee mmoja hapo dukani."

"Nimesikia, dada."

Alivaa viatu vyake vya kazini, ambavyo havikuwa vimekauka. Duka lilikuwa nyumba ya tatu tu, nyuzi zimening'inizwa nje kwa rangi zake. Muuza duka alimwona. "Doa! Leo unapita tu?" Doa akainua mkono, kama mtu atakayerudi sasa hivi, akaendelea. Mbele ya kwa dobi alisikia mashine zinazunguka na mpiga pasi akimtania mtu mwingine. Hakugeuza shingo. Barabara ilipogawanyika alishika ile asiyoizoea.

Uzi wa bluu alikuja kuununua mtoto.