Mwanga Usio na Taa

Nyumba niliyoijenga kwetu Koboko kwa mikono yangu, binti yangu ameijenga tena ndani ya kompyuta, na ndani yake kulikuwa na mwanga ambao mimi sikuuweka. Nitaeleza. Shule nilisoma miaka mitatu tu, Kiswahili nilipewa na baba yangu aliyekuwa askari, kwa hiyo nikipotea njia kidogo mnisubiri, nitarudi.

Binti yangu anakaa nchi ya baridi, mbali. Aliondoka akiwa msichana, na mimi ndiye niliyemwambia aende. Mama yake hakutaka. Nilisema hapa kuna nini, muhogo na simsim tu, nenda. Sasa ana mvi mbili tatu, anasema mwenyewe. Hajarudi hata mara moja. Kwanza zilikuwa karatasi za kuishi kule, halafu watoto, halafu mama yake akafa, na kuanzia hapo nadhani alianza kuogopa. Kaburi lake hajaliona. Nikimwuliza atakuja lini anasema, "Tutaona, Baba." Neno hilo nalijua, ndilo nililokuwa nikimwambia alipotaka viatu.

Basi, kuna dunia moja ya picha ambayo watu wanaingia kwa kompyuta. Kila mtu anapata mwili wa picha, anatembea, anakaa, anazungumza na watu wa nchi nyingine, hata kiwanja anapata na nyumba anajenga. Binti yangu akimaliza kazi zake huingia huko. Siku moja akanipigia simu kuwa amejenga nyumba yetu, ile ya udongo na nyasi, niende tukakae. Simu yangu haiwezi mambo hayo. Ndiyo maana kila Jumamosi natoka Koboko mpaka Arua, kwa mama mmoja mwenye duka la kompyuta karibu na soko. Ni Mkongomani, watu wake walihamia kupitia mpaka wa Vurra zamani, na Kiswahili chake bado ni cha upande ule.

"Muzee, leo mutandao iko muzuri," ananiambia, huku ananivalisha vile vya kusikilizia masikioni. "Ingia. Kule uko kijana. Hata tumbo hakuna."

Ni kweli. Binti yangu alinitengenezea kanzu na kofia, tumbo akalisahau, na magoti ya kule hayaumi. Nilimwambia yule mama kwamba ningeweza kubaki huko ningebaki.

"Na chakula utakulia wapi?" akaniuliza.

Sasa nyumba yenyewe. Siku ya kwanza nilipoingia, niliitambua. Mlango ulikuwa upande wake, mtungi kwenye kona, mkeka, na dirisha dogo. Nililikata dogo kwa sababu tulikuwa tumetoka ukimbizini Congo, na mtu aliyekimbia hapendi kuonekana kutoka nje. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na giza, wageni walilalamika. Lakini saa kumi jua liliingia kwa lile dirisha, mstari mmoja, likavuka sakafu mpaka pale mke wangu alipokaa akipepeta simsim, likaishia kwenye mikono yake. Uso ulibaki gizani. Miaka yote nikitoka shambani nilikuta ile mikono kwanza, halafu sauti, halafu yeye. Hicho ndicho nilichotaka kukiona tena, nikiwa na binti yetu.

Sikukiona. Ukuta ulikuwa mweupe, sakafu nyeupe, mstari wa jua umemezwa.

"Baba, si ndivyo ilivyokuwa?"

"Sivyo, mama." Namwita mama kwa sababu nilimpa jina la mama yangu. "Hapa pamekuwa kama hospitali."

"Hata mimi naona kuna kasoro. Ngoja nitafute."

Tukatafuta Jumamosi nne. Kwanza alilishuku jua. Kule jua unaliamrisha, unaliambia simama saa kumi, nalo linasimama. Akalisimamisha. Weupe haukuondoka. Halafu akazima taa ya chemni aliyoitundika mlangoni. Weupe ukabaki. Jumamosi ya pili akasema labda kuta ndizo zinazong'aa zenyewe, kwani fundi wa kule anaweza kuuamuru ukuta ung'ae bila taa yoyote. Akapita ukuta kwa ukuta, mtungi, mkeka, mpaka nyasi za paa, anakagua. Hakuna. Jumamosi ya tatu akamshuku jirani mwenye ukumbi wa dansi ng'ambo ya ua, maana kule mwanga unapenya ukuta kama maji yanavyopenya chujio. Nikashangaa. Nikamwuliza ukuta wa namna hiyo ni wa kazi gani. Akacheka, akasema ni wa kukinga mvua ambayo hainyeshi. Lakini taa za jirani zilikuwa nyekundu, na huu wetu ulikuwa mweupe.

Jumamosi ya nne nikakumbuka nyasi.

Paa la nyasi likivuja, huwezi kuliona tundu ukiwa nje. Mimi na mke wangu tulifanya hivi: mchana wa jua kali yeye anaingia ndani, anafunga mlango na dirisha, anakaa gizani mpaka macho yazoee. Mimi napanda juu na bua la mtama, nachoma hapa, nachoma pale. Likitokea mahali penye tundu, yeye ananipigia kelele, "Hapo, usiondoe mkono." Mara nyingine alinyamaza kwa makusudi, nikahangaika juu ya paa kama kuku, yeye chini anacheka peke yake. Nilimtukana sana kwa hilo. Leo ningepanda juu ya lile paa nikahangaike kutwa nzima.

Nikamwambia binti yangu, "Mimi nitakaa ndani. Wewe toka, kaguse kitu kimoja kimoja huko nje, mimi nitasema."

Mwili wake ukaelekea mlangoni. Na weupe ukamfuata. Ulitoka ukutani, ukapita mkeka, ukaupita mtungi, ukatoka naye.

"Nimefika kwenye ua, Baba. Niguse nini?"

Ndani kulikuwa na giza langu, na mstari wa jua.

"Usiguse kitu. Rudi ndani."

Akarudi, na weupe ukaingia.

"Mama, ni wewe," nikasema. "Mwanga umeuvaa."

Nikasikia anabofya. Kule kila kitu ulichovaa kinaandikwa kwenye orodha. Akapita nguo, viatu, nywele, halafu akasema, "Ah." Chini kabisa kulikuwa na taa ndogo isiyoonekana, imebanwa kifuani pake, inamulika uso.

"Mwaka wa kwanza nilipoingia, watu wa huku walisema uso wangu ni mweusi sana, hauonekani. Mtu akanipa hii. Nikavaa, nikasahau."

"Miaka mingapi?"

"Mingi, Baba. Niivue?"

"Ivue."

Akaivua. Nyumba ikarudi. Hakuna neno jingine ninaloweza kuweka hapo. Yeye akatembea, akaenda kukaa palepale pa mama yake, bila mimi kumwambia, na jua likaishia kwenye mikono yake ya picha. Uso sikuuona tena. Nilitazama ile mikono mpaka mama wa duka akaja kuniuliza kama mashine imekwama.

Halafu nikasema, "Sasa ivae tena."

"Kwa nini, Baba? Mwezi mzima tunaitafuta."

"Nyumba yenye giza ninayo Koboko. Mama yako alipokufa niliziba dirisha kwa matofali, sikutaka kuona jua likienda pale halafu hakuna mtu. Sikukuambia. Wewe vaa, nikuone uso."

Weupe ukarudi. Uso wake ulikuwepo, wa picha, usiozeeka. Halafu kichwa kikainama kifuani. Kule mtu akiondoa mikono kwenye kompyuta kwa muda mrefu, mwili wake huinama hivyo na kusinzia. Nilijua hakusinzia. Niliwaza amekwenda kunawa uso. Nikakaa naye hivyo, mimi na ule mwili ulioinama na ukuta mweupe. Weupe sikuuona vibaya tena.

Kichwa kikainuka.

"Baba."

"Nipo."

"Huko, mwezi wa kumi na mbili, mvua inakuwa imekwisha?"

"Imekwisha kabisa," nikasema. "Barabara inakuwa kavu."

Hakusema anakuja. Mimi sikuuliza, kwa sababu nilihofia lile neno lake.

Kesho yake asubuhi nilichukua nyundo na patasi. Matofali yale niliyaweka mimi, kwa hasira, na udongo mwingi kupita kiasi, kwa hiyo yalinisumbua, na magoti ya huku yanauma. Mpaka saa sita nilikuwa nimetoa matatu. Yamebaki kumi na moja.