Shingo ya Athanase

Ndugu zangu, mkono unaoandika maneno haya ulishindwa wakati mmoja kupeleka kijiko kinywani. Leo nimepita miaka arobaini. Nimekaa Kindu, nikakaa Bukavu, nikakaa Bunia, na sijui kama hapa nilipo nitamaliza mwaka kabla ya kuhama tena. Lakini popote ninapofumba macho nasikia maji ya maporomoko ya kwetu. Nawaeleza jinsi nilivyopona, ili aliye kitandani apate moyo, na anayeficha ugonjwa wake aache kuuficha.

Siku hizo za Wabelgiji mji wetu, Kisangani, uliitwa Stanleyville. Mimi ni mtoto wa Wagenia, watu wanaofunga vikapu vikubwa vya kutegea samaki kwenye miti iliyosimikwa katikati ya maporomoko. Papa, baba yangu, alinitaka kwenye mitego. Mapadri walinitaka darasani, nikaingia chuo chao cha ualimu. Asubuhi misa, mchana masomo, jioni mpira. Nilikuwa na nguvu, nilikula kwanga mbili, mikate ile ya muhogo, nikatafuta ya tatu.

Nilikuwa pia na daftari la maswali niliyomwuliza Mungu. Kwa nini wanaolima pamba wanavaa matambara? Kwa nini kwenye ramani ya dunia, pale ukutani, nchi nyingi kama yetu zimepakwa rangi za watu wanaokaa mbali nazo? Kwa nini wazungu wana hospitali yao na sisi yetu, na malaria ni ile ile? Athanase, rafiki yangu tuliyekaa benchi moja, alinicheka.

"Monsieur Swali! Mungu atakujibu lini? Mbele ya chakula ao nyuma?"

Likizo ya Pasaka nilikwenda Yanonge kumsaidia tonton yangu, ndugu ya mama, kupakia mitumbwi. Huko mbung'o aliniuma begani. Pakavimba, pakawa pekundu, kisha pakapoa, nikasahau. Baada ya majuma kadhaa homa ikaanza kuja na kuondoka. Kichwa kiliuma. Nyuma ya shingo nikagusa matezi, madogo, yanateleza chini ya vidole kama maharage yaliyolowekwa.

Kila Mgenia alijua maana yake. Malale, ugonjwa wa usingizi.

Waganga wa serikali walikuja chuoni kutukagua. Tulipita mmoja mmoja, tukamgeuzia daktari mgongo, naye akatupapasa shingo huku akiangalia saa yake. Karani akapiga muhuri kwenye kitabu cha afya bila kuinua kichwa. Aliyekutwa na matezi alipelekwa lazareti, nyumba ya wagonjwa wa malale, akakaa miezi. Na mtihani wa diploma ulikuwa karibu kabisa. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika pale.

Nilimwambia Athanase. Akafikiri kidogo, akatabasamu.

"Leta kitabu chako. Wewe jifiche mu jikoni."

Alipita kwa daktari kwa jina lake. Akazunguka nyuma ya jiko, akavaa shati yangu, akapita tena kwa jina langu. Daktari alipapasa shingo ile ile mara mbili. "Mzima. Mwingine!" Tulicheka hadi tukashika mbavu. Nikaandika katika daftari: *Kwa hawa watu sote tuna shingo moja.* Niliona nimewashinda. Kumbe ugonjwa ndio ulioshinda siku ile.

Siku ya mtihani nililala juu ya karatasi. Mate yalifuta jina langu. Walinirudisha nyumbani kwa mama. Mchana kutwa nilisinzia, mikono ikitetemeka, midomo ikining'inia.

"Mutoto yangu, unalala na samaki mu kinywa?" mama aliuliza, akanitoa miiba kwa kidole chake. Siku moja nilimpiga kofi mama huyu, bila sababu, na sikumbuki. Yeye ndiye aliyenisimulia, miaka mingi baadaye. Nilijikojolea. Nikabaki mifupa. Papa na wajomba wakanibeba hadi lazareti.

Daktari alikuwa yule yule. Akafungua kitabu changu cha afya.

"Kitabu kinasema alikuwa mzima juzi juzi," alisema. "Basi ugonjwa ni mpya, uko katika damu tu. Sindano nyepesi zitatosha."

Muuguzi, mzee wa Isangi tuliyemwita Papa Victor, alinitazama usoni kwa muda mrefu.

"Daktari, huyu hakuanza juzi. Macho yake yanasema ugonjwa umeingia kichwani."

"Nilimpapasa mimi mwenyewe!"

Nilisikia yote. Ndugu zangu, nilikuwa na nguvu ya kusema neno moja, na sikulisema. Nikilisema, Athanase atafukuzwa chuoni. Nikinyamaza, nitadungwa dawa isiyofika kichwani na nitakufa na muhuri wa afya njema. Nikafumba macho nimwombe Mungu, usingizi ukanichukua katikati ya sala.

Kesho yake Athanase alikuja kuniona. Papa Victor akamweleza ni sindano zipi nitapewa, na kwa nini. Athanase hakukaa hata kwenye kiti. Akaenda moja kwa moja kwa daktari, akamleta hadi kitandani kwangu.

"Ile siku nilipita mara mbili," alisema. "Shingo ulishika ilikuwa yangu."

Daktari alinitazama mimi, mrefu, mweusi kama chungu. Akamtazama Athanase, mfupi, mwekundu, ana kovu la paji la uso. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza alituona.

"Lakini hamfanani hata kidogo," akasema, akanigeukia.

"Ni kweli?" aliniuliza.

"Ni kweli," nikajibu. Neno langu la kwanza baada ya siku nyingi.

Mchana ule ule nilikunjwa kama kamba anayepikwa, sindano ikaingia katika uti wa mgongo. Maji yaliyotoka yalikuwa na ukungu. Papa Victor alikuwa amesema kweli. Dawa kali ikaanza. Kila sindano ilikuwa pilipili inayotembea ndani ya mshipa. Nilitapika, ngozi ikabambuka, nikaomba waniache nife. "Utakufa kesho," Papa Victor alinijibu kila siku. "Leo kunywa mchuzi."

Nikanywa. Juma la sita nilishika kijiko mwenyewe. Mama akatoka nje akapiga vigelegele hadi wagonjwa wengine wakaamka, na kule kuamka si jambo dogo.

Padri mkuu alimwadhibu Athanase kurudia mwaka pamoja nami. "Bon," akasema, "nilipita mara mbili kwa daktari, sasa napita mara mbili mu darasa." Wote wawili tulipata diploma.

Kabla ya mtihani huo waganga walirudi. Safari hii daktari aliweka kiti chake kutuelekea. Kila mmoja alisimama mbele yake kwanza, akatazamwa usoni, akaulizwa jina. Zamu yangu ikafika.

"Wewe ni nani?"

Nikamtajia jina langu lote, la ubatizo na la Wagenia.

"Geuka."

Vidole vilitafuta nyuma ya shingo yangu, vikatafuta tena. Hapakuwa na kitu.

Namshukuru Mungu, namshukuru mama, Papa Victor, na rafiki aliyenidanganyia na kisha akasema kweli kwa ajili yangu. Maswali ya daftari langu bado nayauliza kila mji ninaofika, wala sitaacha. Lakini wewe unayesoma, ukiitwa, nenda wewe. Hata kama hawakutazami, simama, sema jina lako, wakutazame.

"Mzima," daktari alisema, akainua macho. "Mwingine!"

"Ule mwingine ni miye," Athanase akajibu nyuma yangu, "na leo napita mara moja tu."