Ng'ombe Mwenye Jina Langu

Niliondoka Nchiru kwa sababu ya simba. Wenye hosteli za wanafunzi hawataki mchoro mwingine ukutani ila yeye, na mimi, Kagendo, nimewachorea simba tangu nianze kazi hii, ingawa simba mwenyewe sijawahi kumwona. Siku moja nilikuwa namalizia mmoja wakati mwanafunzi aliyeitwa Wawira aliposimama akamtazama kwa huruma.

"Huyu simba yako ako na sura ya ng'ombe," akasema.

Ukweli unauma.

"Si kwa ubaya. Mamangu huko Kianjokoma anatafuta mtu wa kumchorea ng'ombe."

Jumatatu asubuhi nilipita Meru mjini kununua rangi nyeusi na nyeupe, kisha nikashika njia ya Nkubu na Chuka. Barabara ile huteremka kwenye kila mto na kupanda tena, na kila kona niliangalia hali ya ndoo zangu kabla ya kujiangalia mwenyewe. Runyenjes nilichukua bodaboda.

Kanja tulisimama kufunga mizigo upya. Mwuza ndizi akaniuliza kama naenda kujenga.

"Naenda kuchora ng'ombe."

"Kwani za kweli zimeisha?"

Kianjokoma nilifika mchana, baridi ikinipiga masikioni. Mama Wawira anauza chakula cha mifugo kwenye jengo lake la ghorofa moja, na ukuta wa ubavuni unatazama barabara, na kanisa liko ng'ambo ya pili. Alinimiminia chai, akaniuliza jina. Nilipomwambia, aliweka chupa ya chai chini akacheka mpaka akafuta macho kwa leso.

"Hata yeye alikuwa anaitwa Kagendo. Ulikuwa ukimtafuta kwa boma, unaambiwa ameonekana kwa shamba ya chai ya jirani."

Kwake Embu na kwetu Meru, Kagendo ni jina la mtu wa kutembeatembea. Huyu wa kwake alikuwa ng'ombe. Mume alipofariki, maziwa ya Kagendo ndiyo yaliyowasomesha watoto watatu, Wawira akiwa kitinda mimba. Ng'ombe naye akafa mwaka jana, bila picha hata moja. Nilimwuliza alikuwa wa rangi gani. Mweusi na mweupe, baka jeupe kwenye paji la uso. Nusu ya ng'ombe wa mteremko huu wako hivyo.

"Sitaki ng'ombe tu," akasema. "Nataka yeye. Ukinichorea mwingine, nitapaka hiyo ukuta chokaa."

Nikamaliza chai, nikatoka kwenda kuupima ukuta.

Jumanne nilianza. Ukuta mkubwa una shida moja: ukiwa juu ya jukwaa huoni chochote ila plasta. Kwa hiyo kwanza naujaza alama ovyoovyo, naupiga picha kwa simu, kisha nalaza mchoro wangu juu ya picha hiyo humo humo simuni. Alama ndizo zinazonionyesha nilipo. Watu wa Kianjokoma hawakujua hayo. Waliona msichana wa Meru akichafua nyumba ya mjane. Pasta alivuka barabara kuniuliza, kwa upole, kama nililala vizuri.

Ili kuwatuliza niliwapa brashi, nikawaambia waandike wapendalo, maana kwangu alama ni alama. Wakaandika majina ya ng'ombe wao. Ukuta ukajaa Bahati, Njiru, Krismasi na wengine wengi, nami nikafanya kazi kwa kuuliza Bahati ameishia wapi ili jicho likae juu yake. Mzee mmoja alikuja kulalamika kwamba Krismasi wake ameangukia chini ya mkia.

Jumamosi nilimaliza. Mama Wawira alisimama barabarani akaangalia kwa muda.

"Ni ng'ombe mzuri," akasema, akarudi dukani.

Hakusema ni yeye. Niliumia, nikakumbuka ile chokaa aliyonitishia.

Jumapili, ibada ilipoisha, pasta alikuwa akiwaaga waumini mlangoni huku ameinamisha macho. Akaniita.

"Dada, kazi ni safi kabisa. Lakini simama hapa kwangu."

Nikasimama. Kichwa cha ng'ombe kilikuwa mbali kule, kikitazama mashamba ya chai. Kilichokuja moja kwa moja kwetu, kwa ukubwa wake wote, kilikuwa kitu kingine. Nyani haoni kundule, na mchoraji juu ya jukwaa haoni la ng'ombe wake.

"Nikiwaambia wainue macho," pasta akasema taratibu, "wanainua, wanaona hiyo."

Nilimrudia Mama Wawira nikapendekeza mti. Akakataa, ng'ombe wake hafichwi kwa kichaka.

"Basi naweza kugeuza kichwa tu," nikasema. "Atazame nyuma."

Mama Wawira akapiga kofi.

"Si hivyo ndivyo alikuwa! Ukikaa kumkamua anageuka kuangalia ni nani. Akiona si mimi, anapiga ndoo teke."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza rangi."

Jumatatu nilifuta kichwa cha zamani, nikaandika alama upya, nikailaza shingo kwenye ubavu, masikio yakiwa wima. Mkia niliushusha kwa heshima. Pasta alisema sasa angalau ng'ombe anasikiliza mahubiri, hata kama haingii kanisani. Jioni nilikuwa natia nukta nyeupe ya mwisho ndani ya jicho niliposikia naitwa.

"Kagendo."

"Naam, mama."

"Si wewe."

Niligeuka. Mama Wawira alikuwa chini, mlangoni pa duka, analia na kucheka, macho yake yakinipita. Nikasogea pembeni juu ya mbao ili nisiwazibe.

Nilirudi Nchiru Jumatano na ndoo tupu. Kuuliza si ujinga, tuliambiwa tangu shuleni, ila mimi nilikuwa nimeishia kuuliza rangi. Mwenye hosteli mmoja alikuwa ananingoja kwenye ukuta mpya uliopigwa plasta juzi.

"Nataka simba," akasema. "Mkubwa."

"Sawa. Anaitwaje?"

Akanitazama vile pasta alivyonitazama ile Jumanne. Nikageuza ndoo, nikaikalia, nikamngoja ajibu.